Bafta Iliyokumulika Uso

Shangazi yangu,

Shikamoo. Marahaba yako siisikii tena, lakini nisipoanza na salamu najua ungekataa kusikia yaliyobaki.

Nimestaafu kazi ya kamera. Vijana huja kuniuliza wafanyeje mtu wanayemhoji anapotoka pichani na uso mweusi tii kwa kuwa mwanga uko mgongoni mwake. Mimi huwajibu mengi ya kitaalamu. La kwako sijawahi kuwasimulia, nalisimulia leo mbele ya kila atakayesoma.

Miaka ya sabini ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Idara yetu ilikuwa ikipiga sinema ya kazi za mikono, nami ndiye niliyekutaja, maana sikumjua mtu Bagamoyo aliyesuka mkeka kama wewe. Nilikuwa na nia nyingine pia. Hukuwa na picha hata moja, na nilitaka uso wako ubaki mahali.

Ulitupokea kwa desturi yako. Mimi, mkuu wangu wa kazi na mwenzetu wa sauti ulitukalisha ndani kabisa, kwenye mkeka mpya, kwa kuwa mahali pazuri ni pa mgeni. Wewe ukaketi kwenye kigoda karibu na mlango, mgongo nje. Nilipochungulia kwenye kamera niliona mlango unawaka, na mbele yake kitu cheusi kama mtungi. Kitu hicho kilikuwa wewe.

"Mwambie tubadilishane nafasi," mkuu akaninong'oneza. Alikuwa mtu wa bara na kwake jambo lilikuwa jepesi. Mimi nililelewa na kaka yako. Kukuondoa kwenye kigoda chako ndani ya nyumba yako, mbele ya wageni wako, sikuthubutu. Nikajifanya sikusikia.

Nikapanua tundu la lenzi liingize mwanga zaidi. Uso ukajitokeza kidogo, ila mlango ukazidi kuwaka mpaka minazi ya nje ikapotea. Taa za umeme tulikuwa nazo, lakini jenereta lingenguruma juu ya sauti yako. Mkuu akasema bila uso hakuna sinema, tufungashe twende Saadani tukatafute msukaji mwingine.

Hapo ndipo nilipokuomba kitambaa cheupe, kikubwa, cha kurudisha mwanga.

"Cheupe kiasi gani, mwanangu?"

"Cheupe kabisa, Shangazi."

Ulinitazama, ukainuka. Kisha uliingia chumbani, nikasikia sanduku likifunguliwa, ukarudi na bafta mpya iliyokunjwa vizuri, inanukia udi. "Msiikanyage tu," ukasema.

Tuliitundika mbele yako, kando ya kamera, tukaikandamiza pembe za chini kwa maboksi ya vifaa. Mwanga wa mlangoni ukaigonga ukakurudia, na uso wako ukatokea wote, mpaka kipini cha puani. Ulieleza ukindu unavyochambuliwa na kutiwa rangi kabla ya kusukwa ukili, ule ukanda unaoshonwa kuwa mkeka. Ukamtania mkuu wangu kwamba mikono yake ni ya jembe, ukili ungemkimbia. Nilifurahi siku ile, sitakuficha. Nilijiona fundi.

Filamu ikapelekwa nje kusafishwa. Ilichukua miezi, na kabla haijarudi tukaletewa habari ya msiba wako. Nilikuwa nimekaa na wanaume barazani kwako, ndipo mama yangu, wifi yako, aliponiita mlangoni. Alishika pembe ya kitambaa cheupe yenye doa jeusi.

"Wewe ndiye uliyekuja hapa na wenzio. Sanda ya wifi imeingiaje grisi?"

Wanawake wote wa nyumba ile walijua ulichokiweka chini kabisa ndani ya sanduku, umejinunulia mwenyewe, kitambo. Mimi sikujua. Grisi ilikuwa ya boksi letu. Nilimweleza mama yote, naye hakunigombeza. Alichukua mkasi, akaikata ile pembe, akanitia mkononi, akarudi ndani kukuosha.

Filamu iliporudi, gari la sinema liliizungusha vijijini. Niliitazama kijijini Zinga, nimesimama nyuma ya watu. Walicheka ulipomtania mkuu. Mama mmoja akasema, "Bibi huyu kapendeza uso, jamani." Niliona aibu, na nilikukumbuka sana. Kazini nilisifiwa.

Kile kipande bado ninacho, kimo ndani ya mfuko wa kamera. Sijakitumia kufutia lenzi hata mara moja.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hukusema. Nadhani uliona mtoto wa kaka yako yu karibu kuaibika mbele ya mkubwa wake, nawe ulikuwa na kitambaa cheupe. Ungenikatalia nisingekulaumu.

Basi vijana wanaponiuliza, la kwanza huwaambia wamwombe mwenye nyumba ahame kiti. Hucheka: hilo nalo ni la kufundishwa? Mimi lilinishinda. Nalisema leo, nimechelewa: Shangazi, tafadhali, inuka hapo mlangoni, uje ukae huku kwetu.

Pumzika salama.

Mimi, mtoto wa kaka yako