Mpira wa Turbo wa Mama Chemutai

Baba yangu mpendwa,

Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike Kabuchai, na bado nikikwama kazini nakugeukia kana kwamba umeinama upande wa pili wa boneti. Wiki iliyopita nilikwama kweli, ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka lori la miwa la Mzee Wafula? Nilikuwa kidato cha pili, nimefunga shule, nikakuja gereji yako pale Bungoma kukushikia tochi. Ulirudisha mpira mdogo wa hewa wa turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, mahali pasipofaa. Siku tatu baadaye lori likavutwa kurudi, pistoni imetoboka. Mzee alidhani ni uzee wa injini, na ungeweza kunyamaza. Ulifuta mikono, ukamwambia, "Injini haikufa yenyewe, Mzee. Ni mimi nilikosea." Nilitamani ardhi inimeze kwa aibu. Ulifanya kazi ile upya wiki mbili nzima, na jioni moja ukanieleza westigeti ni nini: kamlango kanakopitisha moshi pembeni ili turbo isisukume hewa kupita kiasi. Hewa ikifika kwenye kikopo chake kupitia ule mpira, inasukuma springi na kamlango kanafunguka. Isipofika, kanabaki kamefungwa na injini inapasuka.

Sasa sikia. Mama Chemutai wa Saboti anabeba maziwa ya majirani zake kuleta Kitale kwa pikapu yake ya dizeli. Ndilo gari lake la kwanza. Mlima ulikuwa unamchosha, akaniletea kidhibiti cha turbo cha umeme ambacho mpwa wake alimnunulia. Kinakuja na valvu ndogo yenye midomo mitatu, na karatasi ya maelezo ilikuwa imelowa, haisomeki. Nilimpigia simu aliyekiuza. Akaniambia niunge mpira wa turbo kwenye mdomo wa pembeni, ati turbo itaamka mapema. Niliunga hivyo. Mama Chemutai akaendesha hadi njia panda na kurudi akitabasamu, na mimi nikaringa kidogo.

Lakini moyo haukutulia, Baba. Nilikuwa nakusikia ukiniambia maneno uliyozoea kunifunza: "Usiulize kitu kitafanya nini kikiwa kizima. Uliza kitafanya nini kikifa." Nikamwomba Mama Chemutai asiondoke kwanza, aniachie gari kidogo. Nilitoa valvu, nikaiacha bila umeme, nikapuliza kwa mdomo kupitia mpira unaotoka kwenye turbo. Hewa haikupita. Maana yake waya mmoja ukikatika, kikopo kingekosa hewa, kamlango kangebaki kamefungwa, na ile injini ingeenda njia ya lori la Mzee Wafula.

Nilikaa juu ya tairi. Hakuna aliyejua ila mimi. Kisha nikaenda alipokuwa ameketi, nikamwambia nimeunga vibaya na karibu nimuulie gari.

Aliinuka, akaja kuchungulia chini ya boneti. "Si ilikuwa inavuta vizuri, Nekesa?"

"Ilikuwa inavuta vizuri, mama. Lakini umeme ukipotea ingejiua."

Nilibadilisha mpira nikauweka kwenye mdomo ambao hubaki wazi valvu ikiwa imelala. Nikapuliza tena, hewa ikapita hadi kwenye kikopo. Kwa njia hii umeme ukikosekana, kikopo bado kinapata hewa, kamlango kanafunguka na gari linarudia nguvu zake za kawaida. Nilimpulizia naye ajionee. Akacheka, akasema hajawahi kuona fundi akilibusu gari.

Juzi asubuhi alinipigia simu. Akipanda na maziwa, barabara ile mbovu ilichomoa waya wa valvu. Gari lilipoteza nguvu ghafla, akaogopa, akaweka gia ya chini, akaendelea polepole. "Imechoka kidogo," akaniambia, "lakini tumefika, na maziwa hayajaganda." Nilirudisha waya na kuufunga vizuri. Nilipomaliza nilijifungia ofisini nikalia, Baba, si kwa huzuni.

Nilikuwa nadhani heshima ya fundi ni kutokosea. Ile aibu niliyoihisi kwa Mzee Wafula niliibeba miaka mingi, nikidhani ulijishusha. Leo naona ndiyo siku uliyonipa kazi hii mikononi.

Jana Mama Chemutai alileta wanawake wawili kutoka Tongaren wenye pikapu za mahindi. Mmoja akanipima kutoka kichwa hadi viatu, akauliza nilisomea chuo gani. Nikamtajia jina lako. Akasema halijui, lakini akanipa ufunguo.

Pumzika vyema, Baba. Mikono yangu iko sawa.

Kifungua mimba wako,
Nekesa