Sauti Niliyomsomea Zaina

(Ukurasa huu umetoka kwenye daftari langu la miaka ya vita, nilipokuwa nakaa Magarama, mjini Gitega. Nauweka hapa kama nilivyouandika.)

Jumatano. Asubuhi mvua, mchana mawingu. Mimi sisikii joto wala baridi.

Huu ni mwezi wa tatu wa eda. Mume wangu alikuwa akipeleka vipuri vya baiskeli Giteranyi, na siku ile gari alilopanda lilisimamishwa njiani na watu wenye bunduki. Aliyeniletea habari nilimpa kiti na maji ya kunywa. Sikulia. Watu wakasema nina subira. Si subira, ni kwamba ndani hamna kitu.

Wifi yangu Hadija alifika Jumapili kutoka Muyinga. Kesho anarudi na msafara wa magari yanayosindikizwa na askari, na Zaina, binti yangu wa miaka minne, anakwenda naye. Mimi siwezi kuwafuata, eda haijaisha. Aliponiomba mtoto nilitikisa kichwa tu kukubali, kama mtu anayeulizwa kama chai ina sukari.

"Kule kuko watoto benzake," aliniambia. "Hapa mutoto anakaa sawa mutu muzima."

Ni kweli. Tangu msiba Zaina haongei, labda kuomba maji. Kilichobaki kati yetu ni kitabu.

Kitabu chenyewe hakina jalada. Baba yake alikinunua gulioni, kule karibu na mpaka wa Tanzania: habari za mbuzi aliyekwenda kununua chumvi na yaliyomkuta njiani. Aliyenishauri kukisoma ni jirani yangu Mama Neema, Mkongo wa Uvira, ambaye kwao alikuwa akifundisha watoto wadogo. Musomee kwa sauti kila siku, alisema, hata kama we mwenyewe hausikie kitu. Eti maneno yatamwingia, sikio litajifunza kungoja, na mtoto akisikia sauti ya mama yake anajua kwamba nyumba bado ina mtu.

Nikafuata kama ninavyomeza dawa. Mimi ni binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani, nimekulia kwenye kusoma kwa sauti, kidole juu ya mstari. Basi kila siku baada ya alasiri naweka kidole cha Zaina kwenye mstari, nasoma mwanzo hadi mwisho. Simtazami. Nikimaliza nafunga kitabu, naenda kuwasha mkaa.

Leo sikusoma mimi.

Nilikuwa nyuma ya pazia nikikunja nguo zake za safari. Hadija alikuwa mlangoni anachambua maharage. Nikasikia mtu anasoma. Nilipochungulia nikamwona Zaina, kitabu amekishika kichwa chini miguu juu, anamsomea shangazi yake. Hakuacha neno. Mbuzi, chumvi, mto, daraja, kila kitu mahali pake, na ukurasa anaufunua panapotakiwa. Maneno mengine sijawahi kumsikia akiyatamka tangu azaliwe. Mama Neema hakunidanganya.

Lakini sauti.

Haikupanda wala kushuka. Mbuzi alipoogopa, sauti ileile. Mbuzi alipocheka, Zaina akasema "ha, ha, ha" kama anayehesabu maharage ya shangazi yake. Hadija akaacha kuchambua.

"Nani alikufundisha kusoma hivi?"

"Mama anasomaka hivi."

Nilikaa chini, juu ya nguo zenyewe. Niliona aibu, na nyuma ya aibu ukaja uchungu, uchungu kabisa wa kifuani, wa kwanza tangu siku ile nilipompa yule mtu kiti. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, tunasema, tukifikiria adabu na sala. Sikujua kwamba hata ganzi mtoto huichukua kwa mamaye.

Nikatoka, nikakaa karibu naye, nikageuza kitabu, nikasoma pale mbuzi anapocheka. Kicheko changu kilitoka kama kikohozi. Zaina akanitazama.

"Tena," akasema.

Nikarudia. Tena, akasema. Mara ya tatu sauti ilinikatika, machozi yakaja bila kuniuliza. Zaina hakushtuka. Aliweka kidole kwenye mstari tulipoishia, akangoja. Nilipomaliza kujipangusa sikujua tena tulikuwa wapi. Yeye alijua.

Jioni nikamwendea Hadija.

"Wifi, mutoto abaki."

Nilidhani atakasirika. Ametoka mbali, na njia ile siku hizi mtu haipiti kwa kupenda. Akaendelea kufunga mzigo wake.

"Mi sikukuja kukunyang'anya mutoto," akasema. "Nilikuja kuangalia kama we uko."

Nikamjibu niko.

Sijui kama nilisema kweli. Mikono bado ni mizito, na chakula cha leo sikukisikia ladha. Nguo za Zaina nimezirudisha kwenye sanduku. Kesho Hadija ataondoka mapema, nasi tutabaki wawili, mimi na yeye, tukingoja alasiri.

Akiniambia "tena," nitakuwepo?