Mbuzi wa Susu

Jumamosi, Matinyani

Hadi leo sikuwa nimemwambia mtu yeyote shuleni, hata Mwende ninayeketi naye, kwamba mama yangu aliolewa na mwanamke. Mwanamke huyo, Susu, hakujaliwa watoto, kwa hivyo alimlipia mama mahari kwa mila yetu ya iweto, ili boma lake lipate watoto. Mimi husema tu kwamba alikuwa nyanya yangu.

Tangu tumzike, mpwa wake Kyalo anatuambia tuhame shamba.

Leo wakili alikuja kanisani kujibu maswali ya urithi. Mama aliinamisha kichwa tu. Sijui nilisimama vipi, mimi ambaye hata darasani siinui mkono, lakini nilisema yote.

"Huyo ni mtoto wa kibarua," Kyalo akasema kutoka nyuma. Watu wakacheka.

Wakili hakucheka. "Kama mahari ililipwa, ni mtoto wa boma hilo, na korti itamsikiliza. Nani aliiona ikilipwa?"

Mzee Nzioka, jirani yetu, akainua fimbo. "Mimi ndiye niliyeswaga hao mbuzi wa mahari. Na wewe Kyalo ulikula nyama, ukaomba supu mara ya pili."

Kicheko cha pili hakikutulenga sisi.

Naogopa Mzee asije akaugua kabla ya siku ya korti. Lakini leo nimefurahi.

Jioni nilienda kwa Mwende, ambaye husali kanisa jingine na hakuwepo, nikamwambia Susu alikuwa nani hasa. Aliuliza mbuzi walikuwa wangapi. Tukaenda pamoja kumuuliza Mzee Nzioka.