Nguo za Wateja Zote Zinanikaa, Yangu Siijui

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijafunga begi, maana wiki ijayo nasafiri kwenda kusoma muhula mmoja nje ya nchi, na badala ya kufurahi nimekuwa mtu wa kukaa na kuduwaa tu.

Baba yangu ni fundi cherehani wa nguo za kike, na tangu nipate umbo la kikubwa mimi ndiye ninayevaa nguo za wateja ili aone zinavyokaa, kwa hiyo nimesimama juu ya kile kigoda chetu mbele ya kioo nikiwa bibi harusi, nikiwa nesi, nikiwa mama mkwe wa mtu, baba ana pini mdomoni ananizungusha taratibu, jua la alasiri linapenya kwenye pazia, vumbi la nyuzi linaelea, nami naota kabisa kwamba nyumba ya huyo ninayemvalia ni yangu na watoto wake wananiita, mpaka baba aseme, "Haya mama, vua," nami nashuka na kurudi kuwa sijui nani.

Sasa baba amenunua kitambaa, akakitandaza mezani. "Hiki chako. Nikushonee nini?"

"Chochote, baba."

"Chochote ndiyo mshono gani?"

Nilicheka, yeye hakucheka, na kitambaa bado kiko pale hakijaguswa na mkasi.

Halafu kuna mteja wetu mmoja, mwalimu, akiongea watu wananyamaza, gauni lake la buluu limekwisha kushonwa, na nikilivaa mgongo wangu unanyooka wenyewe. Juzi nimelikunja nikaliweka chini kabisa ya begi langu, nikijiambia huko ugenini wakiniuliza mimi ni nani, angalau niwe na la kuwaonyesha. Jumamosi mwenyewe anakuja kulichukua, baba analitafuta kila kona na ameanza kusema uzee umemfikia. Roho inaniuma. Nafikiria kukiandikia chuo kwamba siendi, maana nitapeleka nini huko ikiwa mwenyewe sijijui? Na je, nikirudi nimegeuka mwingine, baba asinitambue?

Mimi, Binti wa Fundi

*

Binti wa Fundi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliota pamoja nawe juu ya kigoda, mara ya pili nikakasirika. Pole kwa yaliyo moyoni, lakini mzee wa watu anajiona amechoka akili kwa sababu ya gauni ulilolificha wewe. Likunjue leo, lipige pasi, mpelekee baba yako, umwambie ukweli wote. Atanuna. Mwache anune.

Hilo la kutojijua umelikuza. Umesimama ndani ya nguo za watu ukajua kila mmoja nguo inambana wapi na inampwaya wapi, wakati wengine wanazeeka bila kujua hayo hata kwa wanaolala nao kitanda kimoja. Hicho ni chako na hakihitaji nafasi begini. Na huo mgongo unaonyooka ndani ya gauni la mwalimu ni wa nani? Mwalimu hayumo mle, mwanangu.

Sasa nikuulize, baba yako amewahi kukupima? Nadhani hajawahi, kwa kuwa wewe ndiye kipimo chake cha wengine wote. Basi panda kigoda na nguo zako za kushindia, umwambie, "Baba, nipime." Akikuuliza mikono iishie wapi, mwonyeshe kwa kidole. Usiseme "chochote" tena. Ukichagua vibaya atafumua, hiyo ndiyo kazi yake.

Chuo usikiandikie. Nenda ukasome. Na kuhusu kurudi umegeuka, mwombe baba aache kitambaa cha akiba ndani ya mishono, kama anavyowaachia wateja wake. Anakiacha kwa sababu anajua mwili utabadilika, na mwenye mwili atarudi kwake.