Usimlaze Kwenye Kiti cha Enzi

Dada yangu mpenzi,

Salamu zangu zikufikie, nawe uzipokee ukiwa umekaa, miguu umeinyoosha juu ya kigoda kama mkunga alivyokuagiza. Tafadhali usisome barua hii umesimama jikoni. Shemeji hajambo? Na yule ngedere wako, bado anapanda makabati? Mwambie mama mdogo anamsalimu. Sisi huku hatujambo, ile hatujambo ya kumjibu mtu mlangoni. Mume wangu anakwenda karakana kila siku, mimi nimerudi kwenye cherehani, mama mkwe anakula kidogo. Nyumba ni ile ile, kilichoongezeka ni kimya tu.

Najua umeshangaa kumwona mume wangu amekuja na barua mkononi kama tarishi. Nimemtuma yeye kwa sababu simu tumeshaijaribu ikatushinda. Uliponitumia picha ya kitanda cha mtoto ulichokipata kwenye mitumba, kile cha buluu, ukaandika kwa furaha kwamba umepata kiti cha enzi kingine, ndugu yake kile ulichonipa mimi, nilikupigia pale pale nikakuambia usimlaze mtoto mle. Sikuwa na maneno mazuri. Nawe ukanijibu kwamba mwanao wa kwanza alilala katika kitanda cha namna ile mpaka akaota meno, na leo nani anaweza kumkamata? Ukasema huzuni imenigeuza. Kisha ukasema, taratibu, kama mtu anayemnywesha mgonjwa maji, kwamba labda ninaona wivu kwa kuwa wewe unapata na mimi nimepoteza. Ukakata simu.

Sikukasirika. Yaani nilikasirika, nikafua mapazia yote ya nyumba, yalipokauka hasira nayo ikawa imekauka. Lakini dada, sina wivu. Namtaka huyo mtoto wako. Namtaka azaliwe, alie, akunyime usingizi, akutapikie nguo ya kutokea. Ndiyo maana naandika, na ndiyo maana nakuomba usome mpaka chini hata pale utakapotamani kuikunja.

Siku aliyoondoka mwanangu Meneja wewe hukuwapo, ulifika msibani. Hujawahi kunisikia nikiisimulia, kwa kuwa sijawahi. Unakumbuka babake alimpa jina hilo kwa sababu mtoto yule alikuwa halii bila kikao kuitishwa: nyumba nzima lazima ifike, kila mtu atoe hoja. Kitanda ulichotuletea kilimfaa kweli. Kile kitambaa laini, mteremko wake wa kumweka kama amekaa nusu na amelala nusu, mikanda yake, muziki wake. Ukimweka mle anatutazama sote kwa juu, ndipo tukakiita kiti cha enzi. Guu moja la kitanda lilikuwa limepinda njiani, mume wangu akalinyoosha na kulichomelea, akajisifu wiki nzima.

Mchana ule nilikuwa kazini. Tulikuwa na sare za shule za kumaliza, na nilikuwa nimekwisha kufunga uzi ili nikimbie nyumbani kumnyonyesha. Mama mkwe alikuwa naye. Alimfunga mikanda kama kijitabu kilivyoelekeza, akampigia muziki, akakaa kwenye mkeka kando yake akikunja nguo zake zilizotoka kuanuliwa. Alikuwa karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angemgusa. Kila akimtazama alimwona amelala vizuri, kichwa kimeinama mbele kidogo, kama watoto wote wanavyolala. Hakusinzia, dada. Alipomaliza kukunja alitaka kumbadilisha, ndipo akamgusa shavu. Mimi nilimsikia nikiwa bado barabarani.

Wewe ulipofika ulikuwa na uchungu, nami nilikuwa siwezi kusema. Ulisimama mlangoni, mbele ya wanawake wote, ukamuuliza mama mkwe ni mzee gani anayeachiwa mtoto akaenda kusinzia. Ukamwambia kama uzee umemzidi angesema mapema, mtoto si kuku wa kuachiwa uani. Alifunika uso kwa ukingo wa nguo yake, na tangu siku hiyo alikuwa hasemi zaidi ya ndiyo na hapana. Nami nikanyamaza, maana nilikuwa sijui, na kwa kweli moyo wangu ulikuwa unauliza swali lile lile lako.

Nilikuja kujua kazini. Redio ilikuwa inazungumza peke yake kama kawaida, sisi tumeinamia vyerehani, mara nikasikia kinatajwa kitanda. Wakakieleza: kitambaa, mteremko, mikanda, muziki. Wakasema waliokitengeneza wanaomba vyote virudishwe, kwa sababu kuna watoto waliofia humo, si mmoja wala wawili. Jirani yangu wa cherehani alinishika mkono, maana nilikuwa naendelea kushona na kitambaa kilikuwa kimekwisha.

Nikarudi kwa daktari aliyempokea Meneja. Yule daktari hapendi maneno mengi, lakini siku ile alifunga mlango akaniketisha. Akasema mtoto mchanga ana kichwa kizito na shingo laini. Ukimlaza palipoinuka, kichwa kinaweza kuanguka mbele, kidevu kikakaa kifuani, na njia ya hewa ikajikunja kama mpira wa kumwagilia maji unapoukunja. Nikamuuliza mbona mwanangu hakulia, yeye ambaye alilia hata kwa unyoya. Akasema kelele inataka pumzi. Nikamwambia mtoto wa dada yangu alilala mle na yupo. Akasema wapo wengi waliolala mle na wapo, kama walivyo wengi waliovuka barabara bila kutazama wakafika.

Basi dada, hilo ndilo jibu la ngedere wako. Mshukuru Mungu kwa ajili yake, lakini usimfanye ushahidi.

Tukaenda kwenye ofisi ya msaada wa sheria, ile isiyotoza wananchi, chumba kimoja chenye feni inayozunguka pale inapojisikia. Wakili ni mwanamke, mkali kidogo, anakunywa chai iliyopoa. Jambo la kwanza alituuliza kitanda kiko wapi. Mume wangu akasema kiko nyuma ya nyumba, anangoja nguvu za kukichoma moto. Wakili akainuka kitini. Akasema tusikichome, tusikioshe, tusikikate, tusimpe mtu yeyote hata akija na gari la kampuni, kwa maana kile ndicho shahidi wetu wa kwanza. Akatueleza kuwa kurudishiwa bei ya kitanda ni jambo moja na kudai haki ya mtoto ni jambo jingine, tusidanganywe kwamba ukipokea hili umemaliza na lile. Kwamba tunaweza kupeleka malalamiko kwa wanaolinda wanunuzi, na tunaweza pia kwenda mahakamani, lakini mlango wa mahakama hauko wazi milele, ukichelewa unafungwa. Mimi nikamuuliza tutashtaki vipi kitu ambacho hatukukinunua, tulipewa na dada. Akasema sheria haitaulizia nani alilipa dukani, itaulizia nani aliumia.

Haikupita muda kampuni ikamtuma kijana nyumbani. Viatu vyake havikuwa na hata chembe ya vumbi, sijui alishukia wapi. Alitupa pole ndefu iliyonyooka, kisha akatoa karatasi. Walikuwa tayari kutupa kifuta machozi, nasi tuwape kitanda na tuahidi kwa saini kwamba hatutalizungumza jambo hili kwa mtu yeyote, awe jirani, awe mwandishi, awe ndugu. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Hapo ndipo mama mkwe, aliyekuwa kwenye mkeka wake, akasema. Alimuuliza kijana kama ana mtoto. Kijana akasema anaye, wa kike, bado mchanga. Akamuuliza analala wapi. Kijana akatazama viatu vyake. Mama mkwe akamwambia basi mwanangu, karatasi yako irudishe kwa waliokupa. Wakati huo nilikuwa sijaiona picha yako ya kitanda cha buluu. Leo nikifikiri kwamba ningetia saini, ningekutazama unamtandikia mwanao nami mdomo nimeufunga kwa wino, nashikwa na baridi.

Sasa wamebadilisha wimbo, wana nyimbo mbili. Wa kwanza unasema mume wangu ndiye aliyemuua mwanawe: kwamba alipochomelea lile guu aliongeza mteremko. Tangu asikie hivyo, hajashika moto karakana. Anapiga rangi, anapima vyuma, kuchomelea anawaachia wengine. Fundi mzima anaogopa kazi yake.

Wimbo wa pili ndio uliofanya nikuambie ukae. Wanasema wao walimwonya kila mnunuzi kwa ujumbe wa simu, na mnunuzi wa kitanda chetu alionywa mapema, kabla mtoto wetu hajalala humo. Wakili wetu akatusomea namba iliyopelekewa ujumbe. Dada, namba yako naijua kwa moyo.

Na wewe ujumbe ule unaukumbuka. Ulinisimulia mwenyewe kwenye simu, ukicheka mpaka unakohoa, siku zile unajiandaa kutuletea kitanda. Ulisema wametokea matapeli wapya, hawa hawaombi uwatumie pesa, wanaomba ukate kitambaa cha kitanda cha mtoto kwa mkasi, ukipige picha, uwatumie pamoja na namba ya akaunti, eti watakurudishia pesa yako. Ukasema mjini watu wamekosa kazi mpaka wanatafuta vitanda vilivyochanika. Nami nikacheka. Tukaongeza na utani wetu, kwamba kesho watataka picha ya sufuria lililotobolewa. Ukaufuta. Ulikuwa na haki ya kuufuta, maana ungeniuliza mimi ningekuambia uufute. Nani kati yetu hajaibiwa kwa ujumbe wa namna ile? Nani angekata kitu kizima kwa amri ya namba asiyoijua?

Najua sasa hivi unafanya nini. Umeweka mkono kinywani. Utoe. Sikuandika ili nikuhukumu. Nimeizungusha habari hii mpaka imelainika, na kila nikiizungusha nakukuta wewe ukibeba kile kitanda kichwani toka stendi, jasho linakutoka, kwa sababu kwetu kitu cha mtoto hakitupwi, kinapita mkono kwa mkono. Ulinipa kilichokuwa kizuri kuliko vyote ulivyokuwa navyo. Siwezi kukuchukia kwa hilo, na nikitaka kujaribu sijui nianzie wapi.

Lakini kunyamaza sitanyamaza, na wewe usininyamazie. Mficha maradhi kilio humuumbua, nasi kilio kimeshatufika. Nakutaka mambo matatu.

La kwanza, mpe mume wangu hicho kitanda cha buluu aondoke nacho leo. Usikikate. Wakili anasema kikipimwa mteremko wake, nacho hakijaguswa na fundi yeyote, kikawa sawa na chetu, basi wimbo wao wa kwanza umekwisha. Nimemtuma yeye kwa makusudi. Nataka akibebe kwa mikono yake mwenyewe, ajue.

La pili, ukishajifungua na kupata nguvu, uje usimame mbele ya hakimu useme ulichoniambia siku ile, vile vile, hata kicheko. Useme walivyokuonya: ujumbe mmoja, namba isiyo na jina, maneno ya kitapeli, huku vitanda vyenyewe vikiendelea kuuzwa madukani na kwenye mitumba mpaka wewe ukapata cha pili. Wao wanautumia ujumbe ule kama ngao. Wakili anasema mtu pekee anayeweza kuitoboa ni yule aliyeupokea. Najua ninachokuomba. Ninakuomba useme mbele ya watu jambo ambalo ungependa kulisema gizani. Watakuuliza maswali ya kukudhalilisha, nami nitakuwa nimekaa pale mbele, uniangalie mimi.

La tatu ni mama mkwe. Ulimsema mbele za watu, basi na msamaha usiuombee chumbani. Hajaniomba nikuandikie hili. Hata alipojua habari ya namba ya simu hakusema neno juu yako, aliuliza tu kama unapata usingizi, maana mwezi huu wa mwisho huwa mgumu.

Katika mfuko aliokuja nao mume wangu utakuta godoro dogo. Nimelishona mimi, na usiogope, si la Meneja, ni jipya. Nimelijaza likakaza, na pande zote nimezipima ziko sawa, ukiweka juu yake kikombe cha maji hakiegemei popote. Mlaze mtoto hapo, chali, peke yake, bila mto, bila mdoli, bila shuka la kumpanda usoni. Atagoma. Watakuambia mtoto anataka kuinuliwa kichwa, waache waseme. Na akilia, dada, akilia mpaka uchoke, kabla hujamnyanyua simama kidogo umsikilize, kwa niaba yangu. Kelele inataka pumzi.

Msalimie shemeji, mbusu ngedere, mwambie huyo aliye tumboni kwamba mama yake mdogo amemtandikia. Mama mkwe anakusalimu. Wa hapa wote wanakusalimu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Mama Meneja