Robo ya Mshahara Wangu

Kroonstad

Kaka yangu mpendwa Tseliso,

Salamu nyingi kutoka huku Kroonstad. Natumaini unaendelea vizuri, na kwamba wifi na watoto hawajambo. Habari za mvua ya mawe huko kwenu nilizisikia redioni, nikawaza mabati ya jikoni. Mahindi yamesalimika? Mimi kwa mwili sijambo. Kwa moyo sisemi bado, nitakueleza taratibu, maana kwenye simu ningeishia kulia na wewe ungeniambia nitulie.

Mwisho wa mwezi uliopita nilikwenda kwenye mashine ya benki na furaha zangu zote. Nilikuwa nimemwahidi binti yangu Palesa kwamba safari hii pesa ya chumba chake cha chuoni itatoka yote kwa mpigo. Mshahara ulikuwa pungufu. Nilidhani ni macho yangu. Nikatoa kadi, nikaifuta kwenye sketi, nikaiingiza tena, mpaka mama mmoja nyuma yangu akaniuliza kama nasubiri pesa ziote. Robo nzima ya mshahara haikuwepo.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa Bi. Venter, yule wa mishahara pale hospitalini. Hata salamu sikumpa vizuri. Akasema si yeye aliyenikata, ni amri ya mahakama: kuna deni la kadi ya mkopo ambalo halijalipwa, na hospitali imeamriwa kunikata kila mwezi hadi liishe. Kaka, nilicheka. Nikamwambia, "Mama, mimi nafua mashuka ya wagonjwa, nani atanipa kadi ya mkopo? Hata duka la nguo lilininyima!" Akasema kadi si yangu, ni ya mume wangu Pheello. Nikamwambia mimi sina mume. Akageuza kompyuta nijisomee mwenyewe: nimeolewa, mali na madeni ni ya pamoja.

Nilikaa chini bila kukaribishwa. Ni wewe uliyewaongoza wajomba siku ya kwenda kwa kina Pheello kuivunja ndoa ile. Mlishinda huko kutwa nzima, mkala kondoo wao, kisha ukaniambia, "Imekwisha, Selloane, vaa viatu twende nyumbani." Nami miaka yote hii nimeishi nikijua imekwisha. Kumbe hakuna aliyekwenda mahakamani. Na siku ya kufunga ndoa, tulipotia saini kwa msajili, hatukuuliza maana ya yale maandishi, tulikuwa na haraka ya kupiga picha. Kwa wajomba mimi ni mtu huru. Kwa serikali bado ni mke wa Pheello.

Jumamosi nikapanda basi kwenda Welkom kumtafuta. Njia nzima nilikuwa napanga matusi, kwa sababu nilijua hizo pesa amewahonga wanawake. Nilimkuta kwenye chumba cha uani kwa dada yake, mgodi ulishampunguza kazini, ndevu zimejaa mvi. Hakukuwa na mwanamke. Hakukuwa hata na kiti cha pili. Nilikaa kitandani nikamtukana mpaka maneno yakaniishia, naye akasikiliza tu, kisha akanikorogea chai. Akasema, "Mama Palesa, nilijua siku moja utakuja, ila si kwa jambo hili." Nikamwuliza kadi ile ilinunua nini. Akanishangaa kwamba sijui.

Kaka, ilinunua jiwe la kaburi la Baba.

Nilimwambia anadanganya, jiwe lile tumelinunua sisi watoto, tena kwa mkono wako. Akasema ulimfuata Welkom, mkaenda wote wawili kwa mchonga mawe, yeye akapitisha kadi na wewe ukachagua rangi. Ulimwambia mkwe akiliheshimu kaburi, mlango unafunguka tena, na mimi nikiliona jiwe nitarudi kwake. Aliomba aje kwenye sherehe ya kulifunua, ukamjibu, "Subiri kidogo shemeji, moyo wake bado." Amesubiri mpaka leo. Aliniuliza, huku ameinamisha uso, kama jiwe lilinipendeza.

Siku ya kulifunua nilikuwepo. Tulichinja ng'ombe, watu wakakupigia vigelegele, Mama akakushika mikono akasema amezaa mwana. Nami nilipiga vigelegele kuliko wote. Mchango wangu nilikuwa nimekukabidhi mkononi, pesa niliyokopa kwa wenzangu wa chama cha akiba. Sasa nalilipia jiwe lilelile mara ya pili, na Palesa analala sakafuni kwa rafiki yake.

Mpaka sasa sielewi. Nikikunja mashuka nasimama katikati ya kazi, nasahau nilikuwa nafanya nini. Pheello nimemwambia ukweli kwamba sirudi, na kwamba safari hii tutaachana mbele ya hakimu. Alilia, nami nililia. Kuhusu deni, waendelee kunikata. Siwezi kwenda kuomba jiwe ling'olewe, Baba abaki bila jina. Lakini naomba uniambie mchango wetu ulikwenda wapi, na nani alikutuma uniahidi kwa mtu.

Barua hii nimeituma kwa Mama, si kwako. Kwa kuwa macho yake hayaoni maandishi tena, nimempigia simu nikamwomba amwite Mjomba Sehloho, waketi wote wawili, kisha wakupe wewe uwasomee kwa sauti. Kwa hiyo sasa hivi wako mbele yako. Ukiwa umeruka mahali, mpe Mjomba karatasi asome yeye tangu mwanzo.

Msalimie wifi, na watoto uwabusu kwa ajili yangu.

Mama, nakusalimu kwa heshima. Nisamehe kwa maneno mazito. Usilie kwanza, mwache Kaka ajibu.

Ni mimi dada yako,
Selloane