Nukta Iliyokataa Mstari

Jumatano. Upepo wa Isiolo umeamka kabla yangu leo, na vumbi limeingia hadi kwenye uji niliokuwa nimeufunika. Nimeunywa hivyo hivyo. Mtu wa Meru akikaa hapa miaka minne huacha kubishana na upepo.

Majibu ya mashindano ya fizikia tuliahidiwa Jumatatu. Jumatatu ikapita, Jumanne nayo ikapita. Wasichana wangu wawili, Gumato na Nkatha, wamekuwa wakinivizia kila mahali: nje ya ofisi ya walimu, kwenye foleni ya chakula, hata langoni asubuhi nikiingia shuleni. Hawaulizi kitu. Wanaangalia tu mkono ulioshika simu.

Mashindano yenyewe ni ya wanafunzi wa Kidato cha Tatu wa shule za upande huu. Wanaofanya vizuri huenda Nairobi kukaa wiki nzima katika chuo kikuu, kwenye maabara yenye vifaa ambavyo sisi huviona kwenye picha za vitabu. Nafasi ya kujaribu ni moja tu, kwa sababu mwakani watakuwa Kidato cha Nne na hawataruhusiwa tena. Gumato ameitaka safari hii kuliko mtu yeyote ninayemjua. Aliwahi kuniuliza kama kuna watu duniani wanaolipwa kwa kazi ya kupima vitu. Nilimwambia wapo. Tangu siku hiyo hana raha.

Sasa niseme kilichokuwa kikininyima usingizi.

Swali la vitendo lilikuwa la pendulamu: uzi uliofungwa kwenye stendi, goroli ya chuma, na saa ya kupimia. Unabadilisha urefu wa uzi mara sita, unapima muda wa kubembea, kisha unachora grafu ya mraba wa muda huo dhidi ya urefu. Kila mwanafunzi anajua kwamba nukta zinatakiwa kukaa kwenye mstari ulionyooka. Mtihani ulifanyiwa kwenye maabara yetu wenyewe, mbele ya msimamizi aliyetoka shule nyingine, huku upepo ukigongagonga madirisha.

Nukta ya tano ya Gumato ilikaa mbali na mstari. Akapima tena, ikarudi pale pale. Akaiacha. Nkatha naye alikuwa na yake moja iliyopotoka, lakini yeye aliifuta kwa raba akaiweka kwenye mstari pamoja na zile nyingine. Hiyo tunaiita kupika. Wanafunzi wa sayansi nchi hii wanapika kuliko wenye hoteli.

Walinisimulia wenyewe jioni ile, wakicheka. Mimi sikucheka. Maneno ya "andika ulichoona, si ulichotarajia kuona" ni yangu, na nimeyasema darasani hadi yamechakaa. Nkatha aliyasikia kama watu wanavyosikia mahubiri. Gumato aliyaamini.

Na sikuwa na hakika kwamba msahihishaji naye anayaamini.

Babake Gumato ni mfugaji wa Merti. Alipokuja siku ya wazazi nilimuuliza, kwa nia njema kabisa, ana ng'ombe wangapi. Mzee akatabasamu, akaniuliza kama kwetu mvua imenyesha. Ni Gumato aliyenielewesha baadaye, akiona aibu kwa niaba yangu. Mifugo haihesabiwi, kuihesabu ni kuiletea mabaya. Jioni baba yake husimama mlangoni mwa boma wanyama wakiingia, na hatafuti idadi. Anaangalia ni nani hayuko.

Leo baada ya chakula cha mchana simu yangu ikalia. Orodha ilikuwa imetumwa kwenye kundi la walimu wa fizikia, majina matupu bila alama. Nilitaka kuisoma kwanza peke yangu nijipange, lakini tayari walikuwa wamesimama mlangoni mwa maabara. Nikampa Gumato simu. Nkatha akafumba macho.

Gumato aliipitia mara moja tu, polepole, hadi chini.

"Mimi siko," akasema. Halafu akamgeukia mwenzake. "Nkatha, wewe uko."

Aliyelia ni Nkatha. "Madam, mimi nilipika," akasema. "Yeye hakupika."

Nikawaambia hatujui kama sababu ni hiyo. Ni kweli, hatujui. Orodha haina alama, na huenda Gumato aliangushwa na swali la lenzi ambalo hata mimi lilinitoa jasho. Nimelisema hilo mara kadhaa leo, na kila nikilisema najiona kama mtu anayetafuta mlango wa nyuma.

Nimekasirika. Si na Nkatha, ambaye nilimwambia aende Nairobi na moyo mweupe, na akifika huko ajifunze kuacha upishi. Nimejikasirikia mimi. Mwakani kuna mtihani wa taifa, nao una vitendo. Nikimfundisha Gumato kupika, atapata alama zake, nami nitapigiwa makofi kwenye mkutano wa wazazi. Nitakuwa nimemfundisha nini?

Yeye hakulia. Aliendelea kukaa kwenye kiti kirefu cha maabara, akiangalia rafu ya vifaa.

"Stendi ni ile ile, Madam? Hamjaifungua?"

Hatujaifungua. Hata uzi ungali umening'inia pale.

"Ile pointi ilikuwa hapo," akasema. "Nilipima mara mbili. Haiwezi toka kwa laini hivyo tu, lazima kuna kitu."

Akaniomba ufunguo wa maabara kesho asubuhi kabla ya paredi ya shule, wakati upepo bado umelala. Nkatha akapangusa uso na kusema atakuja kushika saa.

Jioni babake Gumato amenipigia.

"Salaam aleikum, mwalimu. Ile majibu ya Gumato imetoka?"

Nimemjibu salamu, nikamwambia majibu yametoka na jina la Gumato halimo. Nyuma yake nilisikia mbuzi. Nikakaa tayari kulaumiwa, maana lawama nilikuwa nazo nyingi za kumsaidia.

"Yeye iko hapo shule?"

Nikasema yupo.

"Amekula?"

Nikasema amekula, nimemwona kwenye foleni mwenyewe.

"Basi hakuna mtu amepotea," akasema. Akanishukuru, akakata simu.

Nimelia kidogo, siwezi kuficha. Kisha nikaosha uso, nikafunga ufunguo wa maabara kwenye ncha ya leso nisije nikausahau. Wasichana wote wawili wameingia bwenini. Kesho kabla ya paredi tunaifuata ile nukta ya tano.